Mwimbaji Aliyemtaja Muuaji

Wanawake wawili waliingia mahakamani Unguja kutoa ushahidi, wakatoka humo wakipelekwa jela. Walikuwa wamekwenda kueleza yaliyompata mgeni wao kutoka Dar es Salaam. Mwanamume aitwaye Kijiti alimchukua mgeni huyo ngomani, na mgeni hakurudi tena akiwa hai. Alinajisiwa, akauawa, na alikuwa mja mzito. Kijiti akatoroka. Mahakama ya kikoloni ilipomkosa wa kumfunga, iliwageukia wale mashahidi na kuwapata na kosa: wao ndio walioleta pombe iliyonywewa siku ile. Wakafungwa.

Kama mambo yangeishia kwenye daftari la karani wa mahakama, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Unguja ya wakati ule ilikuwa na mahakama ya pili, isiyokuwa na kiti cha jaji wala askari mlangoni. Ilikuwa nyumba moja ya Ng'ambo, ng'ambo ya ile hori iliyoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa kawaida. Mwenye nyumba alikuwa mwimbaji aliyevuma kuliko wote katika pwani hii, Siti binti Saad. Jioni wapigaji wake walikusanyika hapo kufanya mazoezi: Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban, na Mbaruk Talsam wa Mombasa ambaye hakuwa na macho lakini alikuwa na masikio yasiyopitwa na kitu. Majirani nao walikuja kusikiliza, na kila mmoja alikuja na lake. Nani kafungwa, nani kadhulumiwa urithi, karani gani kala fedha za watu. Habari iliwekwa kati, ikapingwa na huyu aliyekuwepo, ikashikiliwa na yule ambaye naye alikuwepo. Baada ya hapo ndipo ilipotungiwa wimbo.

Wimbo wa "Kijiti" ulitoka katika nyumba hiyo. Kila ninapousikiliza nashangaa ulivyopangwa, maana umepangwa kama jalada la upelelezi. Unaanza kwa kumtaja mtuhumiwa kwa jina lake, mbele ya watu wote. Unaonyesha jinsi alivyomwendea mgeni kwa michezo mpaka akamzoea. Unataja mahali ngoma ilipokuwa, Chukwani, kusini ya mji. Unataja kikapu na chupa zilizotiwa ndani yake, kidhibiti kilekile kilichokuja kuwatia matatani wale wanawake. Unatoka maguguni ukiwa na maiti. Kisha unamfikisha msikilizaji mahakamani, anamwona jaji kwenye kiti chake akiwafokea mashahidi kwa tusi la Kiingereza. Mwisho unamgeukia Kijiti mwenyewe na kumwonya asikanyage Dar es Salaam, kwani huko wapo wanaomngoja.

Msomaji wa riwaya za upelelezi amezoea kufichwa muuaji hadi kurasa za mwisho. Siti hakumficha, kwa sababu Ng'ambo nzima ilikuwa inamjua. Fumbo lililomshughulisha lilikuwa kubwa kuliko hilo. Imekuwaje mwenye damu mikononi yu huru, na waliokwenda kusema kweli wako ndani? Hilo ni swali la mpelelezi, na kwa maoni yangu ni zito kuliko lile la nani kaua. Polisi hawakuuliza. Jaji hakuuliza. Aliyeuliza alikuwa mwanamke ambaye hakukaa darasani hata siku moja, na aliuliza kwa sauti iliyosikika mtaa mzima.

Mwanamke huyo alikuwa na asili ambayo watu wa Handeni na Korogwe wanapaswa kuitia moyoni.

Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walimwita Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima zake, alilipata ukubwani. Baba yake, mzee Saadi, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, watu wa Tabora. Mama yake alikuwa Mzigua, watu wa Tanga. Wote wawili walikuwa wamezaliwa Unguja, kwa hiyo waliovuka bahari ni wale waliowatangulia. Nchi walikotoka watu wa mama yake ni hii ambayo leo tunaigawa kwa wilaya za Handeni, Kilindi, Pangani na sehemu ya Korogwe. Ukitoka Korogwe ukauacha mto Pangani nyuma yako, majina ya vijiji yenyewe yanakuambia umefika: Kwedizinga, Kwamatuku, Kwamsisi, na ukizidi kwenda magharibi, Kwediboma na Kwekivu. Ni nchi ya vichaka na miinuko midogo, ya mahindi na ng'ombe, ambako mvua ikichelewa wiki mbili kila mtu anaanza kuhesabu madebe yaliyobaki ghalani.

Wazigua wa zamani walifuata ukoo kwa mama, kama majirani zao Wanguu, Wakaguru na Waluguru. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na sauti juu yake kuliko baba. Kwa hesabu hiyo, aliyezaliwa na Mzigua ni Mzigua, awe amezaliwa Fumba au amezaliwa Kwedizinga. Nalisema hili kwa makusudi. Historia ya Siti imeandikwa kama mali ya Unguja, na Unguja ina haki yake, kwa kuwa ndiko alikoishi, alikoimba na alikozikwa. Lakini mtoto wa shule anayetembea asubuhi kwenda darasani Kwedizinga naye ana haki ya kuambiwa kwamba mwanamke wa kwanza kuiweka sauti ya Kiswahili kwenye santuri alikuwa binti wa upande wa mama zake.

Na walivukaje bahari? Katika miaka ya 1830 njaa kali iliingia Uzigua. Watu waliteremka pwani, Pangani na Saadani, wakitafuta chakula kwa wenye akiba. Asiye na cha kutoa alijiweka rehani mwenyewe, au aliweka rehani mtoto, kwa matumaini kwamba mvua ikirudi atakuja kumkomboa. Wengi hawakukombolewa. Miaka ileile Sultani Seyyid Said alikuwa akihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na mikarafuu ikipandwa shamba baada ya shamba. Mikarafuu inataka mikono mingi ya kuchuma. Majahazi yalipakia watu, na rehani ikageuka utumwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, Siti akiwa bado hajazaliwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, naye alikuwa msichana mkubwa. Jina la Mtumwa halikuwa fumbo kwa yeyote aliyelisikia.

Wazigua wengine walivushwa mbali zaidi, hadi pwani ya Banadiri, wakalimishwa mashamba kando ya mto Shebelle katika nchi ya Somalia. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha, aliyekuwa na kipawa cha kuona yajayo. Ndiye aliyewaongoza watoro kutoka mashambani hadi kwenye misitu ya bonde la mto Juba, wakaanzisha vijiji vyao wenyewe. Wajukuu na vitukuu waliendelea kusema Kizigua huko kwa zaidi ya karne moja na nusu, wamezungukwa na Kisomali pande zote. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowang'oa, wako waliopanda vyombo wakarudi kusini, na mwaka 2003 serikali ya Tanzania iliwapatia makazi Chogo, wilayani Handeni. Watu wakakaa pamoja, mmoja kazaliwa Juba na mwingine kazaliwa Handeni, wakasikilizana kwa lugha ya mababu. Hakuna karatasi iliyowatunzia watu wa Juba habari za walikotoka. Walizitunza kwa kinywa, kwa majina ya koo na kwa nyimbo, na zilipohitajika zilikuwepo.

Narudi Fumba. Familia ya mzee Saadi iliishi kwa jembe na kwa udongo. Mama alikuwa mfinyanzi, na binti alijifunza kwake kuchimba udongo, kuukanda, kuuinua ukingo wa chungu kwa vidole na kuuchoma pasipo kupasuka. Alipokomaa alivibeba vyungu kichwani hadi mjini kuviuza, akiimba njiani ili wanunuzi wajue kwamba anakuja. Wasimuliaji wa maisha yake hupenda kipande hiki kwa sababu ya sauti: wanasema ilisikika kutoka mbali. Mimi hunivutia kwa jambo jingine. Mchuuzi wa vyungu anaingia uani. Anafika jikoni, mahali ambapo mgeni mwanamume hafiki na askari hafiki. Anajua nyumba ipi ina sufuria mpya na ipi imeuza ya zamani, mke gani ana alama usoni, kijakazi gani hayupo wiki hii. Anasubiri kulipwa, na wakati anasubiri watu wanazungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Hakuna chuo cha upelelezi kinachoweza kumfundisha mtu hayo.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Taarabu ya wakati huo ilikuwa mambo ya wanaume, ikiimbwa kwa Kiarabu. Sultani Seyyid Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kupiga ganuni. Kisha mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa. Mmoja wa wanamuziki wa mjini, Ali Muhsin, aliisikia sauti ya binti wa Fumba akaamua kumfundisha kuimba na kupiga ala. Siti alijifunza haraka, halafu akafanya jambo ambalo walimu wake hawakulitazamia. Aliitoa taarabu katika Kiarabu, akaiimba kwa Kiswahili cha mitaani, cha watu waliokuwa wamejazana Ng'ambo na ambao wengi wao walikuwa watoto wa watumwa kama yeye.

Mji haukumpokea kwa mikono miwili. Walitunga wimbo wa kumcheka kwamba ametoka shamba amevaa kaniki, na kwamba kama si sauti yake angekula nini. Sura yake pia waliisema. Naye aliwajibu kwa wimbo: uzuri wa sura na ukoo wa kujivunia si kitu mbele ya tabia ya mtu. Watu wamelichukua jibu hilo kama majibizano ya waimbaji, na ni kweli majibizano yamo. Lakini linganisha na wimbo wa Kijiti utaona ni mtu yuleyule anayesema. Kote kuwili anauliza kwa nini hukumu ya mji inamwangukia mnyonge.

Machi mwaka 1928 Siti na wapigaji wake walisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Kufikia mwaka 1931 santuri za Kiswahili zilizouzwa zilikuwa zimepita 70,000. Idadi hiyo inashtua ukikumbuka kwamba gramafoni ilikuwa mali ya mwenye uwezo, na kwamba kila iliponunuliwa moja ilisikilizwa na mtaa. Watu wasioweza kusoma gazeti, na ambao hakuna gazeti lililowaandika, sasa walikuwa na kitu kinachozunguka juu ya meza na kusema habari kama zao kwa lugha yao.

Si kesi ya Kijiti peke yake iliyoingia nyimboni. Upo wimbo wake kuhusu makarani waliotumia kalamu na elimu yao kuiba fedha walizokabidhiwa, mpaka wakaishia gerezani. Wale waliokuwa wakimcheka kwa kutojua kusoma walilazimika kusikiliza namna waliosoma wanavyoiba. Tena Siti hakuwa mtu aliyetengwa na wakubwa, aseme tu kwa kuwa hana cha kupoteza. Aliimba katika kasri ya Sultani na katika nyumba za matajiri. Alikuwa na cha kupoteza, tena kingi. Angeweza kuimba mahaba na sifa hadi mwisho wa maisha yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo alikuwa amekutana na Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani karibu na Tanga, karani wa serikali ambaye alikuwa ameshakuwa fundi mkubwa wa Kiswahili. Kutokana na mazungumzo hayo tumepata "Wasifu wa Siti binti Saad", kilichochapishwa mwaka 1958. Katika vitabu vyote vya Shaaban Robert hiki ndicho ninachokirudia mara nyingi zaidi. Hapa alimpa mwanamke wa kawaida, mwimbaji, mjukuu wa waliovushwa bahari, nafasi ambayo waandishi wa zamani waliwawekea masultani na mashehe.

Mwaka huohuo wa 1958 lilitokea jambo la pili. Katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Mzanzibari mwingine, Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi. Hadithi yake, "Mzimu wa Watu wa Kale", ilitoka kama kitabu mwaka 1960, na ndani yake akaingia Bwana Msa, mpelelezi mashuhuri wa kwanza katika riwaya ya Kiswahili. Kuna mauaji penye mzimu, watu wanatetemeka, wengine wako tayari kuamini kwamba mizimu imekasirika. Bwana Msa anavuta kiko chake, anauliza maswali yanayoonekana hayana maana, na mwishowe anaonyesha kwamba ni mkono wa binadamu uliotenda. Vikafuata "Kisima cha Giningi" mwaka 1968, "Duniani Kuna Watu" mwaka 1973, "Siri ya Sifuri" mwaka 1974 na vingine, hadi "Kosa la Bwana Msa" mwaka 1984.

Abdulla kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alikuwa mkaguzi wa afya. Kazi ya bwana afya ni kuingia nyumba hadi nyumba, kutazama jikoni, chooni na penye mitungi ya maji. Mwenye kuuza vyungu na mwenye kukagua mitungi, wote wawili waliingia uani kwa watu kwa sababu ya kazi, na wote wawili walitoka na hadithi. Nikiisoma riwaya ya Bwana Msa naona jicho hilo: anajua meza imewekwaje, nani ana desturi ya kukaa wapi, na nani leo hakukaa hapo.

Ila Bwana Msa alikuwa na mjomba wa kigeni. Abdulla alikuwa amemsoma Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, aliyetokea vitabuni London mwaka 1887 wakati Siti akiwa mtoto Fumba. Kiko cha Bwana Msa kimetoka huko, na rafiki yake Najum anamfuata kama Watson anavyomfuata Holmes. Lakini Holmes ana kitu cha pili mikononi mwake, na wasomaji wote wa Conan Doyle wanakifahamu: fidla. Kesi ikimkwama, anaipiga usiku kucha hadi mawazo yatulie. Abdulla alichukua kiko akaiacha fidla London. Nimeshangaa mara nyingi kwa nini. Unguja yote ilikuwa imejaa fidla! Hapakuwa na harusi bila fidla, na nusu saa kutoka popote alipokuwa akiandika angeweza kuisikia ikipigwa. Kama angeishika hata kidogo, Bwana Msa angekuwa mtu wa taarabu, na huenda riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ingechukua njia nyingine kabisa.

Waliofuata nao hawakuigusa. Faraji Katalambulla alitoa "Simu ya Kifo" mwaka 1965, simu ikachukua mahali pa mzimu na mji wa Dar es Salaam mahali pa shamba. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika "Kufa na Kupona" mwaka 1974, na upelelezi ukawa kazi ya taifa, ya bastola na ndege. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Niliwapenda wote, vitabu hivyo vilipita mkono kwa mkono kwenye mabasi na mabwenini mpaka majalada yakabanduka. Hata hivyo, hao ni wanaume wanaojua kupigana, na mpelelezi anayejua kuimba sijamwona kati yao.

Kwingine wamemtafuta. Nchini Marekani mwanamuziki Kinky Friedman, mwimbaji wa nyimbo za kantri, alijigeuza mwenyewe kuwa mpelelezi katika riwaya zake, kuanzia "Greenwich Killing Time" ya mwaka 1986. Daniel Klein naye alimchukua Elvis Presley, miaka zaidi ya ishirini baada ya mwimbaji huyo kufa, akamfanya afuatilie mauaji katika "Kill Me Tender" ya mwaka 2000 na nyingine tatu zilizofuata. Nauelewa mvuto wa wazo hilo. Mwimbaji maarufu anafunguliwa kila mlango. Tajiri anamkaribisha sebuleni na mpishi anamkaribisha jikoni. Watu humwambia mambo wasiyomwambia askari, kwa sababu wanadhani kwamba wimbo wake umeshawaelewa. Lakini Klein ilibidi abuni. Elvis wa kweli hakufuatilia kesi ya mtu yeyote. Sisi tulikuwa na mwimbaji ambaye milango yote miwili, ya kasri na ya Ng'ambo, ilimfungukia kweli, na aliyoyasikia ndani aliyaimba kweli, majina yakiwemo.

Kama yuko kijana Handeni au Korogwe anayeandika na hajui aanzie wapi, ningemwomba amtazame huyu. Aanze na chungu. Mwanamke kutoka Fumba, mama yake Mzigua, anatua mzigo kwenye ua wa nyumba ya mjini. Mwenye nyumba anamwambia asubiri. Na nyuma ya ukuta wanawake wawili wananong'ona kuhusu mgeni aliyetoka Dar es Salaam ambaye hajarudi tangu jana. Haihitaji bastola. Haihitaji hata kiko. Inahitaji mwandishi anayejua Kizigua kidogo, ili mama akimwita bintiye jikoni amwite kwa lugha ya kwao.

Wimbo wa Kijiti haukuzikwa na aliyeuimba. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia inamjua kwa jina la Bi Kidude, aliubeba pamoja na nyimbo nyingine za Siti, akauimba hadi Ulaya, kwenye majukwaa ambayo Ng'ambo ya zamani isingeyaota. Aliimba akiwa bikizee, sigara mkononi na ngoma kiunoni, mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Waliomsikiliza huko wengi hawakujua neno hata moja la Kiswahili, na bado kila mara jina la mwanamume yule lilitamkwa sawasawa, mwanzoni, mahali lilipowekwa.

Nyumbani sauti hiyo ilipata mwili mwingine. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania waliunda chama chao, TAMWA, na mwaka 1988 wakatoa jarida. Kazi waliyojipa ilikuwa kufuatilia yale ambayo magazeti mengine yaliyapa mistari miwili ukurasa wa ndani: mke aliyepigwa, binti aliyenajisiwa, mjane aliyefukuzwa nyumbani, kesi iliyopotea mahakamani. Walikwenda kwa walioumizwa, wakaketi, wakasikiliza, wakaandika. Ulipofika wakati wa kulipa jarida lao jina, waliliita "Sauti ya Siti".